Kiinitete kimoja kwa zamu

Mwishoni mwa Novemba 2023 hospitali moja ya Kampala ilitangaza kwamba mwanamke wa miaka 70 amejifungua mapacha, mmoja wa kike na mwingine wa kiume, baada ya kupandikizwa mimba. Habari ilizunguka Afrika Mashariki yote na kuvuka bahari, na kilichowashangaza watu ni umri wa mama, jambo linaloeleweka. Lakini ndani ya habari ile mlikuwa na jambo la pili lililopita bila kuzingatiwa sana, kwa sababu lilionekana kuwa nyongeza ya furaha tu: watoto walikuwa wawili, walitolewa kwa upasuaji kabla ya wakati wao, na walianza maisha ndani ya mashine ya joto. Mapacha wa jinsia tofauti hawatokani na kiinitete kimoja kilichogawanyika. Maana yake viinitete viwili au zaidi viliwekwa katika mji wa mimba wa mama huyo. Madaktari wake huenda walikuwa na sababu zao, nami siwahukumu kwa faili nisilolisoma. Ninachosema ni kwamba katika upandikizaji wa mimba idadi ya watoto haiachiwi majaliwa peke yake. Kuna siku, kuna chumba, kuna daktari mwenye leseni na mrija mwembamba mkononi, na hapo ndipo inapoamuliwa viinitete vingapi viingie.

Nadai kwamba kwa mwanamke ambaye hajavuka miaka 38 au hivi, na mwenye viinitete vyenye afya, jibu linapaswa kuwa kimoja, na vilivyobaki vigandishwe visubiri zamu yao. Nadai pia kwamba hoja hii ina uzito zaidi Dar es Salaam, Mombasa na Kampala kuliko ilivyo Stockholm, ingawa mazoea yanasema kinyume: kwamba kiinitete kimoja ni anasa ya nchi tajiri, na asiye na fedha hana budi kutupa karata zake zote kwa mara moja.

Inafaa kukumbuka kwamba teknolojia hii ilianza na kimoja. Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani aliyetungwa nje ya mwili, alizaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978, kutokana na yai moja ambalo mwili wa mama yake ulilipevusha wenyewe katika mzunguko wake wa kawaida. Robert Edwards, aliyetunukiwa Nobeli mwaka 2010, pamoja na daktari Patrick Steptoe na Jean Purdy, muuguzi aliyeviangalia viinitete kwa darubini, hawakuwa na kingine cha kuongeza. Baadaye zikaja dawa za kuchochea ovari zitoe mayai kumi au zaidi kwa mkupuo. Maabara za miaka ya 1980 zilikuwa dhaifu na viinitete vingi vilikufa, kwa hiyo madaktari wakaanza kuhamisha vitatu, vinne, wakitumaini kimoja kingeshika. Ilikuwa busara ya wakati wake. Maabara zikaboreka, viinitete vikaanza kushika kwa wingi, lakini mazoea ya kuhamisha vingi yakabaki. Tulichorithi huku kwetu ni mazoea hayo, ilhali udhaifu ulioyazaa haupo tena.

Tuangalie mwili wa mama kwanza. Mimba ya mapacha humwongezea mama uwezekano wa kupata shinikizo la damu la ujauzito, lile ambalo likizidi huishia kwenye kifafa cha mimba, mara mbili hadi tatu ya mimba ya mtoto mmoja. Mwenye umri mkubwa, au aliyetumia yai la kuchangiwa, anaongezewa tena hatari hiyohiyo juu ya ile ya mapacha. Upungufu wa damu huja mapema kwa sababu watoto wawili wanavuta madini ya chuma kutoka kwenye akiba moja. Halafu siku ya kujifungua, mji wa mimba uliotanuka kupita kiasi huchelewa kunywea, na damu inaendelea kutoka. Kuvuja damu baada ya kujifungua ndiko kunakoua wazazi wengi zaidi katika nchi za kusini mwa Sahara, na ni kifo cha saa chache: kama damu ya kuongezewa haipo karibu, hakuna muda wa kuitafuta. Wengi wa akina mama hawa hufanyiwa upasuaji, wakabaki na kovu litakalokuwa jambo la kuzingatia katika kila mimba itakayofuata, kwa kuwa kondo la nyuma likijishika kwenye kovu hilo ni balaa hata kwa hospitali kubwa.

Kwa watoto, neno linalobeba mzigo wote ni njiti. Zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa kabla ya wiki 37. Mtoto wa wiki 31 au 32 anahitaji joto, hewa ya kusukumwa puani kwa mashine, maziwa ya mama yanayokamuliwa na kupimwa kwa mililita, na muuguzi asiyehudumia watoto 20 kwa wakati mmoja. Hapa takwimu zetu zina la kusema. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Viashiria vya Malaria Tanzania wa mwaka 2022 ulionesha vifo vya uzazi vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila vizazi hai 1,000. Lakini vifo vya watoto katika siku 28 za kwanza vilikuwa 25 na sasa ni 24. Tumejifunza kumwokoa mama, na tumejifunza kumwokoa mtoto wa miaka miwili dhidi ya malaria na surua. Kichanga wa wiki ya kwanza bado tunamsubiri. Kumpeleka mtoto wa pili kwa makusudi mahali hapo hasa ambapo mfumo haujasonga ni uamuzi unaohitaji maelezo.

Atakuja msomaji na kuniambia kwamba Afrika ni bara la mapacha. Wayoruba wa Nigeria wanajulikana duniani kwa wingi wao, na huku Usukumani majina ya Kulwa na Doto yapo kwa sababu watoto wa namna hiyo wamekuwapo daima. Kwa nini basi tuogope wa maabara? Ni kweli, na wale wa asili ndio ushahidi wangu mzito kuliko wote. Mwaka 2017 watafiti Christiaan Monden na Jeroen Smits walichapisha katika Lancet Global Health uchambuzi wa takwimu za kaya kutoka nchi 30 za kusini mwa Sahara. Katika miaka ya 2009 hadi 2014, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa peke yao takriban 64 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Kwa mapacha walikuwa 213. Pacha mmoja kati ya watano. Kwa hiyo kuzoea mapacha hakujatupa ujuzi wa kuwaokoa, na majina mazuri tuliyowapa hayajawaongezea siku.

Pingamizi la kweli zaidi dhidi ya takwimu hiyo ni kwamba wanaolipia upandikizaji huu wa mimba (IVF) si wakulima wa kijijini. Ni watu wa mjini, wana gari, wana daktari wao bingwa, na watoto wao hawatakuwa miongoni mwa wale 213. Nakubali sehemu ya hoja. Lakini wengi wa wanaolipa hawalipi kwa utajiri, wanalipa kwa kuuza kiwanja, kwa mkopo wa SACCOS, kwa michango ya ukoo, na siku mimba inaposhika mfuko umekwisha. Kitanda cha kichanga katika hospitali ya binafsi hutozwa kwa siku, na njiti hukaa wiki nyingi. Familia ikishindwa, mtoto anahamishiwa hospitali ya rufaa ya umma, anawekwa karibu na watoto wa wazazi ambao hawakuchagua chochote. Hapo pana jambo lisilosemwa wazi: kliniki ya binafsi inapokea ada na kuhesabu ushindi siku kipimo cha mimba kinapoonesha mistari miwili, na wodi ya umma ndiyo inayopokea gharama miezi saba baadaye. Hesabu hizo mbili hazikutani kwenye daftari lolote.

Wenzetu wa Skandinavia walilijaribu swali hili kwa utafiti mzuri sana. Ann Thurin na wenzake waliwagawa kwa bahati nasibu wanawake 661 wenye umri chini ya miaka 36. Nusu waliwekewa viinitete viwili kwa pamoja. Nusu nyingine waliwekewa kimoja, na kama hakikuzaa mtoto, kingine kilichogandishwa kikayeyushwa na kuwekwa peke yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004 katika New England Journal of Medicine. Waliowekewa viwili kwa pamoja, asilimia 42.9 walipata mtoto. Waliowekewa kimoja kimoja, asilimia 38.8. Tofauti ni takriban wanawake wanne katika kila 100. Lakini kati ya waliojifungua, waliozaa zaidi ya mmoja walikuwa asilimia 33.1 kwa kundi la kwanza na asilimia 0.8 kwa la pili. Hizo pointi nne si bure, na mwanamke anayekosa mtoto ana haki ya kuambiwa juu yake. Ila kila mtu akizifuata, theluthi ya akina mama wanaojifungua wanaingizwa katika mimba ya hatari. Na kumbuka kundi la pili lilipewa zamu moja tu ya ziada. Kwa mwenye viinitete vinne kwenye jokofu, zamu hazijaisha.

Belgium ilikuwa ya kwanza kuligeuza hili kuwa mkataba wa fedha. Kuanzia Julai 2003 serikali ililipia gharama za maabara kwa mizunguko sita kwa mwanamke asiyefika miaka 43, kwa sharti kwamba idadi ya viinitete ifuate kanuni, na kwa walio chini ya miaka 36 katika jaribio la kwanza ni kimoja tu. Mimba za zaidi ya mtoto mmoja zikapungua kwa zaidi ya nusu, na fedha zilizookolewa kwenye wodi za njiti ndizo zilizokuwa hoja ya kulipia mizunguko hiyo. Sweden nayo iliweka kimoja kuwa kanuni mwaka huohuo wa 2003. Uingereza ilichukua njia nyingine: jopo lililoongozwa na Peter Braude lilitoa ripoti mwaka 2006 ikipendekeza kiinitete kimoja kwa walio katika hatari kubwa ya kupata mapacha, kisha mamlaka ya usimamizi ikazipa kliniki lengo la kushusha kiwango cha mapacha mwaka hadi mwaka. Kutoka karibu robo ya vizazi vyote vya IVF, mapacha wakashuka hadi asilimia 6 mwaka 2019. Wakati huohuo kiwango cha kuzaa kwa kila kiinitete kilichohamishwa kiliendelea kupanda. Kliniki zilizolia kwamba zitafilisika hazikufilisika.

Sasa fedha, kwa sababu huko ndiko hoja zote za upande wa pili hurudi. Mzunguko mmoja hapa kwetu hugharimu mamilioni ya shilingi za Tanzania, na bima nyingi hazigusi ugumba. Mtu aliyelipa hivyo anapomwambia daktari aweke viwili, anafanya hesabu ya mtu mwenye nauli ya safari moja. Simlaumu. Ila hesabu yenyewe imepangwa vibaya na anayeuza. Sehemu kubwa ya bei ni dawa za kuchochea ovari, uvunaji wa mayai na kazi ya maabara ya siku tano za mwanzo. Kiinitete kilichogandishwa kimeshalipiwa vyote hivyo. Kukiyeyusha na kukihamisha baadaye kunagharimu kipande tu cha bei ya awali. Kliniki ikiuza uhamisho wa kwanza na wa pili kama kifurushi kimoja, kwa bei moja inayojulikana tangu mwanzo, nauli ya mgonjwa haiishii safari ya kwanza tena. Kliniki nyingi huviuza vipande vipande, na mgonjwa anayeona bei ya zamu moja tu atataka kujaza zamu hiyo.

Isitoshe, gharama zenyewe si amri ya maumbile. Desemba 2007 wataalamu wa chama cha Ulaya cha uzazi wa binadamu na embriolojia walikutana Arusha kujadili ugumba katika nchi maskini, na swali kubwa lilikuwa namna ya kuishusha bei. Miongoni mwa waliolishughulikia baadaye ni Willem Ombelet wa Genk, Belgium, na Jonathan Van Blerkom wa Marekani. Walionesha kwamba kiinitete kinaweza kukuzwa katika vichupa vya kioo vilivyofungwa, huku hewa ya kaboni inayohitajika ikitengenezwa kwa kuchanganya magadi ya kuokea na asidi ya sitriki, bila mashine za bei kubwa zinazojaza maabara za kawaida. Watoto wamezaliwa kwa njia hiyo. Ajabu kwamba mkutano ulifanyika chini ya Mlima Meru na wazo likapata miguu Ulaya.

Kuna pia jambo la ugonjwa wenyewe. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa miaka ya 1980 uliwakuta zaidi ya asilimia 85 ya wanawake wagumba wa Afrika wakiwa na hali inayotokana na maambukizi, hasa mirija iliyoziba kwa sababu ya kisonono, klamidia, au homa ya uzazi baada ya kujifungua au mimba kuharibika. Uchunguzi huo ni wa zamani, lakini sura haijabadilika kabisa: tunaona mirija mibovu kwa wingi kuliko wenzetu wa Ulaya, ambao wagonjwa wao wengi wamechelewa tu kuzaa. Mwanamke wa miaka 29 mwenye mirija iliyoziba ana mayai mazuri. Kilichoharibika ni barabara, si mzigo. Huyo ndiye hasa anayefaa kuwekewa kiinitete kimoja, kwa sababu kimoja chake kina nguvu ya kushika, na viwili vyake vikishika vyote hatakuwa ameshangaza mtu yeyote isipokuwa wodi. Anayestahili kufikiriwa tofauti ni wa miaka 40 anayetumia mayai yake mwenyewe. Viinitete vyake vingi vina kasoro za kromosomu, na kuweka viwili mara nyingi huishia kwenye mtoto mmoja au kutopata kabisa. Kwake nakubali viwili. Hali haiwi hivyo kwa anayetumia yai la kuchangiwa na binti wa miaka 25, hata kama yeye mwenyewe ana miaka 50, kwa maana umri unaoamua kushika ni wa yai, na umri unaoamua kama mwili utahimili mapacha ni wa mama. Hapo sababu zote mbili zinaelekea kwenye kimoja.

Wapo wanaosema kwamba haya ni mambo ya wanandoa, na daktari hana haki ya kuwapunguzia watoto. Waliokaa miaka kumi wakiitwa majina na mawifi hawataki kusikia neno kimoja. Wanataka wamalize kazi kwa mara moja na wafunge midomo ya watu. Uchungu huo ni wa kweli, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mtu mzima mmoja kati ya sita hivi hukutana na ugumba katika maisha yake, kwa hiyo si uchungu wa wachache. Lakini ridhaa ina maana pale tu mtu anapojua anachoridhia. Anayeambiwa mapacha ni baraka bila kuambiwa nafasi ya njiti, ya kifafa cha mimba na ya kulipia kitanda cha kichanga kwa wiki sita, amepewa nusu ya habari. Tena, hapa kwetu mlango wa dharura uliopo Ulaya umefungwa kwa sehemu kubwa: mimba ikiwa ya watoto watatu au wanne, kupunguza vijusi ni tendo ambalo sheria zetu za utoaji mimba, pamoja na imani za watu wengi, zinaliwekea mipaka mikali. Asiyeweza kurudi nyuma anapaswa kuwa mwangalifu zaidi anapoingia. Na mtoto, ambaye ndiye atakayelipa kwa mapafu yake, hakuulizwa.

Hoja ya mwisho ni ya kiufundi, na ni nzuri: kugandisha kunahitaji naitrojeni ya kimiminika isiyokatika, umeme wa akiba, na fundi wa maabara anayejua kugandisha kwa kasi bila chembe za barafu kupasua seli. Kliniki isiyo na hivyo ikiweka kimoja, vilivyobaki vinapotea. Ni kweli. Lakini ufumbuzi wa ukosefu wa jokofu si kulifanya tumbo la mama kuwa ghala. Kliniki hiyo bado haijawa tayari kuvuna mayai 15 kutoka kwa mtu mmoja.

Miswada ya uzazi wa kusaidiwa imekuwa ikizunguka katika mabunge ya kanda hii kwa miaka. Nchini Kenya mbunge Millie Odhiambo ameubeba wa kwake katika mabunge kadhaa, na Uganda nayo ina wake. Mjadala wake mwingi umevutwa na mama wa kubeba mimba, wachangia mbegu, na nani astahili kuitwa mzazi. Maswali hayo ni makubwa, ila hayagusi sana kile kinachomtokea mwanamke wa kawaida aliyelala kwenye kitanda cha uhamisho pamoja na mume wake. Kwa huyo, kifungu kimoja kifupi kingefanya kazi zaidi: kila kliniki itangaze kila mwaka, kwa kila mzunguko ulioanzwa, ni wanawake wangapi walipata mtoto mmoja aliye hai aliyefikisha wiki 37, na ni wangapi walipata zaidi ya mmoja. Kipimo hicho kilipendekezwa mwaka 2004 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, na uzuri wake ni kwamba kinamlazimisha mwenye maabara kumfuatilia mgonjwa hadi wodi ya wazazi. Anayeweka zaidi ya kimoja kwa mwanamke wa chini ya miaka 38 aandike sababu katika faili, na mkaguzi aweze kuisoma. Bima zitakapoanza kulipia huduma hii, zilipie kifurushi chenye uhamisho wa pili ndani yake na zisilipie uhamisho wa viwili bila sababu hiyo. Kliniki itakayosema haina uwezo wa kugandisha ipewe muda wa kuupata, na hadi hapo ichochee ovari kidogo, ivune mayai machache, ihamishe kimoja.